Kutoka Jamvini Hadi Vifuuni: Vyuo vya Watoto wa Mombasa



Atokaye Tanga kwenda Mombasa hupita mpaka wa Horohoro, kisha Lungalunga, Msambweni na Ukunda, hata afike Likoni avuke kwa kivuko. Njia nzima hiyo, wakati wa asubuhi, sauti za watoto wasomao hazimpotei masikioni. Lakini mwenye kusikiliza vizuri atatambua kuwa si sauti moja. Pengine husikia Juzuu Amma; pengine husikia watoto wanaohesabu vifuu vya nazi. Habari ya namna sauti hizi mbili zilivyokutana ndiyo niliyoifuata safari hii.

Chuo cha zamani wazee wetu wanakijua. Mtoto mdogo hupelekwa kwa mwalimu, akaketi juu ya jamvi pamoja na wakubwa zake. Huanza alifu na be, kisha irabu, kisha Alhamdu na sura fupi, akapanda hivyo hata akahitimu. Ubao ulikuwa wa mti na wino wa masizi. Somo likishahifadhiwa huoshwa, likaandikwa jingine. Mwalimu alikuwa mmoja na watoto wengi, wala asingeweza lau wakubwa wasingewasomesha wadogo. Wanaokibeza chuo hicho wakumbuke kuwa watu wa mwambao waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya skuli ya serikali, na mlango wa elimu hiyo ulikuwa jamvi lile.

Wala si jambo geni kwa Waislamu kujadiliana juu ya kumfunza mtoto. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, ameeleza katika Muqaddima yake kuwa watu wa Maghribi waliwafunza watoto Kurani peke yake, na watu wa Andalusi wakachanganya na mashairi, sarufi na hati. Tena akaonya kuwa ukali mwingi humwondolea mtoto uchangamfu, ukamfunza uongo na hila. Maneno hayo yana zaidi ya miaka mia sita, na fimbo bado ipo katika vyuo vingi!

Mambo yalibadilika baada ya uhuru wa Kenya, mwaka 1963. Skuli za watoto wadogo zilizidi, na skuli nyingi za msingi zikawa zikiwasaili watoto kabla ya kuwapokea. Mtoto aliyetoka chuoni alijua sura kumi kwa moyo, lakini akiulizwa herufi za Kizungu hunyamaza. Mzazi akasimama njia panda: ampe mwanawe dini, au ampe nafasi ya skuli?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakubwa wa Kiislamu wa Mombasa walimwendea Aga Khan, yule aliyefariki mwaka 2025, wakamtaka msaada. Ndipo ulipoanza mpango wa skuli za awali za madrasa, na Bi Swafiya Said akawa miongoni mwa waanzilishi wa kazi yenyewe. Mwaka 1990 ukafika Unguja, na mwaka 1993 ukafika Uganda. Wako wanaokunja uso kwa kuwa Aga Khan ni imamu wa Maismaili. Mimi nilitazama kinachosomeshwa na nani mwenye skuli. Nikaona wenyewe ni watu wa mtaa na kamati yao, na dini ni ile ile waliyorithi.

Katika skuli moja ya kijiji, upande wa Kwale, hapakuwa na vitu vya kununuliwa kwa bei kubwa. Palikuwa na vifuu, kombe za pwani, vifuniko vya chupa na vitambaa. Mtoto huchagua kazi yake, akaifanya, kisha akawaeleza wenziwe alilofanya. Walimu ni akina mama wa pale pale, waliofunzwa kazi hiyo. Asubuhi huanza kwa dua, na hesabu hufuata bila ya mtoto kuhisi kuwa ametoka katika dini akaingia katika dunia.

Neno moja tu halikunitua. Muda wa Kurani ni mfupi, na matamshi ya herufi, hasa ha na dhadi, hayasahihishwi kama inavyotakiwa. Sura husomwa kwa furaha, lakini furaha haitoshi kwa tajwidi. Kwa hiyo wazazi wengi wa pale wana desturi yao: saa sita mtoto hurudi nyumbani akala, na baada ya adhuhuri akaenda kwa mwalimu wa zamani, akaketi jamvini na usingizi uko machoni.