Scranton: Jiko la Babu na Ubavu wa Udongo

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Scranton, mji ulioko kaskazini-mashariki mwa jimbo la Pennsylvania huko Marekani, jitahidi ufike mwezi wa Oktoba. Wakati huo majani ya miti milimani huwa yamegeuka mekundu na manjano, na baridi ya alfajiri huanza kuuma ncha za vidole. Ndipo wenyeji wanapoyakumbuka majiko yao.

Nilipofika huko nilikaribishwa nyumbani kwa bibi mmoja mjane, ambaye babu yake alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe. Sebuleni kwake lilisimama jiko la chuma cha kusubu, refu kama mtoto wa miaka kumi, lenye nakshi za maua na vidirisha vya ulanga, madini yale yale yaliyowahi kuchimbwa katika milima yetu ya Uluguru. Lilikuwa jiko la kupendeza, lakini lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Vipupwe viwili vilikuwa vimepita bila ya kuwashwa. Chuma chake kilikuwa kizima. Kilichokufa ni bitana yake ya udongo.

Huenda ukauliza, udongo una kazi gani ndani ya chuma? Ili tuelewane, hatuna budi kwanza kuyajua makaa ya nchi hii. Chini ya milima ya Pennsylvania mna makaa magumu, meusi na yenye kung'aa, yaitwayo anthrasiti. Ni magumu kushika moto. Katika mji wa Wilkes-Barre, usio mbali na Scranton, bwana Jesse Fell aliyawasha juu ya wavu wa chuma tarehe 11 Februari, 1808, akawaonyesha jirani zake kwamba yanafaa kutia joto nyumbani. Yakishakolea, huwaka polepole kwa mwali wa buluu na karibu bila ya moshi, na huweza kukesha hadi asubuhi. Ilipofika mwaka 1917, migodi ya hapo ilitoa tani zipatazo milioni 100. Baadaye mafuta na gesi viliyanyang'anya makaa soko lake. Kisha tarehe 22 Januari, 1959, mto Susquehanna ulibomoka ukaingia katika mgodi wa Knox, wakafa watu 12, na uchimbaji wa chini ya ardhi katika bonde lile haukuinuka tena. Leo mgeni hushuka katika mgodi wa zamani wa Lackawanna, hapo hapo Scranton, kuona jinsi wanaume na wavulana walivyofanya kazi gizani.

Sasa turudi kwenye jiko. Joto la makaa hayo ni kali mno. Chuma kikigusana nalo usiku kucha huwa chekundu, kikapinda, kisha kikapasuka. Kwa hiyo mafundi wa zamani walikivika chuma bitana ya udongo wa kuhimili moto. Msomaji wetu hatalishangaa jambo hilo. Majiko ya bati yenye bitana ya udongo, yaliyoanza kuenea Kenya katika miaka ya 1980 na kufika katika jikoni zetu, yana siri hiyo hiyo: udongo huula ukali wa moto ili bati lidumu. Udongo ndio unaochakaa, na ndio unaopaswa kubadilishwa.

Mgongoni mwa jiko la bibi palikuwa na jina la mji wa Troy, jimbo la New York. Nilisafiri hadi huko. Troy umekaa kando ya mto Hudson, karibu na mahali ulipounganishwa na mfereji wa Erie mwaka 1825. Karne ya 19, Troy na jirani yake Albany ilikuwa miongoni mwa miji mikuu ya kutengeneza majiko nchini Marekani. Maji yalibeba chuma na makaa, na mchanga mzuri wa kalibu ulipatikana karibu. Udongo wa kuhimili moto ulisifika kutoka New Jersey, hasa pande za Woodbridge. Nilitembea katika mitaa yenye majengo mazuri ya matofali mekundu, nikitafuta angalau moshi wa kiwanda kimoja cha kusubu majiko. Sikuuona. Jiko limeishi kuliko waliolizaa.

Basi mtu afanye nini? Niliporudi Pennsylvania, bibi alinipeleka kwa fundi mmoja mzee, aliyefanya kazi yake katika banda nyuma ya nyumba. Yeye alitueleza kwamba njia ni tatu. Ya kwanza ni kutazama namba iliyosubiwa mgongoni mwa kila kipande, kisha kuwauliza wanaotengeneza majiko ya kale, kwani baadhi yao wametunza vielelezo vya zamani. Ya pili hufaa kwa jiko lenye tumbo la mraba: hununuliwa matofali ya moto ya kawaida, yenye urefu wa inchi 9, upana wa inchi 4 na nusu na unene wa inchi 2 na nusu, yakakatwa kwa msumeno. Lakini yawe yale magumu. Yale mepesi ya kuzuia joto huliwa upesi na makaa.

Tumbo la jiko la bibi lilikuwa la mviringo, kwa hiyo ilibaki njia ya tatu. Fundi aliviunganisha vipande vya bitana ya zamani kama mtu aungavyo chungu kilichovunjika, akapima, akatengeneza kalibu ya bati. Ndani yake alimimina saruji maalumu iliyochanganywa na chembe za tofali la moto. Saruji ya kujengea nyumba haifai hata kidogo, maana huachana kwa joto. Alituonya pia tusikwangue ovyo lipu ya zamani katika maungio, kwa kuwa yaweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Bibi aliinamisha kichwa. Babu yake alikufa kwa vumbi la mgodini.

Fundi hakukubali kuliwasha jiko kabla ya kukagua dohani na kila ufa. Anthrasiti haitoi moshi wa kukuonya, lakini hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu waliolala. Alidai pia kifungwe chombo cha kuipigia kelele hewa hiyo.

Bitana iliachwa ikauke siku nyingi, kisha ukawashwa moto mdogo, kesho yake mkubwa kidogo, ili maji yaliyojificha yasigeuke mvuke na kuipasua. Jioni ya tatu vidirisha vya ulanga viling'aa rangi ya chungwa. Bibi alivuta kiti, akakaa mahali ambapo, alisema, babu yake alikuwa akikaa akitoka zamu.

Ndugu msomaji, tuna desturi ya kusifu chuma kwa sababu ndicho kinachoonekana. Pengine nyumbani kwako kuna jiko lililotupwa uani kwa sababu udongo wake umepasuka. Kabla hujaliuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mtafute mfinyanzi.