Mistari Niliyoikata kwa Wino Mwekundu

Utafiti ule niliusoma, nikauelewa, kisha nikaendelea na kazi kama mtu asiyejua kitu. Kosa langu ni hilo, na nalisema mapema nisije nikalipamba huko mbele.

Nilikuwa mkufunzi wa ujasiriamali Dar es Salaam. Niliowafundisha walikuwa kina mama: mama ntilie, wauza vitenge, wakaanga samaki, wengi wao wakiwa kwenye vikundi vya mikopo na marejesho yakiwasubiri. Nilifundisha kutenganisha hela ya biashara na ya nyumbani, kupanga bei, kuandika mauzo na matumizi. Semina ikiisha walipata cheti na nauli, wakajaza fomu iliyouliza kama mafunzo yamewasaidia. Nani angejibu hapana wakati nauli bado haijatolewa? Majibu yale ndiyo yaliyokuwa ripoti yangu kwa wafadhili.

Utafiti wenyewe ulitoka NHH, chuo cha uchumi na biashara kilichoko Bergen, Norway. Lars Ivar Oppedal Berge, Kjetil Bjorvatn na Bertil Tungodden waliufanya hapahapa Dar es Salaam, kwa wateja wa mikopo midogo, ukachapishwa mwaka 2015 katika jarida la Management Science. Walitaka kujua kipi kinamwinua mfanyabiashara mdogo: elimu, mtaji, au vyote kwa pamoja. Mafunzo yalitolewa na wakufunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, si wababaishaji. Baadhi ya wateja walipewa pia ruzuku ya fedha taslimu, na wengine hawakupewa chochote ili wawe kipimo cha wenzao. Wanaume waliopata mafunzo pamoja na fedha walipiga hatua kubwa. Kwa wanawake matokeo yalikuwa hafifu mno, ingawa darasa lilikuwa lilelile.

Nami nilikuwa nalipwa kufundisha wanawake. Nikajiambia darasa langu ni tofauti. Halikuwa tofauti, nusu ya mada zangu zingeweza kuingia kwenye zile zao bila mtu kushtuka. Nikaichapa makala ile, nikaitia kwenye droo ya ofisini chini ya risiti za mafuta ya gari.

Kinachonisuta zaidi ni daftari. Kulikuwa na mama mmoja aliyeuza wali maharage karibu na kituo cha daladala. Kaunta buku yake ilikuwa nadhifu kuliko zote: tarehe kushoto, kisha mchele, mkaa, mafuta ya kula, nyanya, madumu ya maji. Katikati ya vitu hivyo, kila baada ya siku chache, kaandika "baba watoto", na kiasi mbele yake. Mahali pengine "msiba". Pengine "shemeji, atarudisha". Nikachukua kalamu nyekundu, nikaikata mistari hiyo yote na kuandika pembeni: si gharama ya biashara.

"Mwalimu," akaniambia, "nisipoiandika, jioni hesabu haifungi."

Nikamweleza kanuni upya. Akaitikia kwa adabu, kama wanavyoitikia watu wazima mbele ya kijana mwenye cheti.

Ningekuwa na akili ya mtafiti ningeketi na daftari lile usiku kucha. Faida ilikuwapo, tena nzuri, ila ilichukuliwa kabla haijageuka mtaji, na aliyeichukua hakuwa mtu anayeweza kuambiwa "hii ni hela ya biashara" bila kuleta ugomvi nyumbani. Mama yule hakukosa elimu ya hesabu. Hesabu alikuwa nazo kuliko mimi, kwa sababu zake zilisema ukweli na zangu zilitaka kitabu kipendeze.

Na si kwamba njia nyingine hazikuwapo. Antoinette Schoar wa MIT Sloan na wenzake walilinganisha mafunzo mawili katika Jamhuri ya Dominika, wakatoa matokeo mwaka 2014. Waliofundishwa uhasibu kamili hawakutofautiana sana na wasiofundishwa kabisa. Waliofundishwa kanuni fupi za kushika kichwani, kwa mfano hela ya duka droo hii na ya nyumbani droo ile, ndio waliobadilika. Katika utafiti mwingine, uliofanyika Dandora, Nairobi, wanawake vijana waliosomeshwa darasani walibadili namna ya kuendesha biashara lakini faida haikusogea. Wenzao waliounganishwa na mfanyabiashara mzoefu wa mtaani kwao waliona faida ikipanda kwa wastani wa asilimia 20. Mzoefu anajua mzigo wa bei nafuu unapatikana wapi. Mimi sikujua, nilijua faida ghafi ni nini. Lakini uhusiano ule ulipovunjika, nafuu nayo ilififia, na hilo nalitaja nisije nikauza dawa nyingine ya miujiza.

Katika ripoti zangu mlikuwa na picha za waliofanikiwa: kibanda kimekuwa duka, beseni limekuwa jokofu. Waliofunga biashara hawakupigwa picha. Ugonjwa huu wa kutazama washindi peke yao umewapata hata wakubwa. Kitabu cha Jim Collins cha mwaka 2001, Good to Great, kiliipandisha chati kampuni ya Circuit City, nayo mwaka 2008 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Ila Collins aliandika kabla kampuni haijaanguka. Mimi nilikuwa nawajua walioanguka kwa majina, na wengine walikuwa wameangukia mikononi mwa wakopeshaji wa kausha damu, wakiwa na vyeti vyenye sahihi yangu.

Siku hizi ninapoandika pendekezo la mradi naomba fedha ya kuwalipa mama ntilie wazoefu wakae na wageni kwenye biashara, na naomba waume waitwe kikaoni hesabu zinapofunguliwa. Mwaka jana mfadhili mmoja alilipenda wazo hilo sana, akalisifu mbele ya wenzake, kisha akaniuliza vyeti vitakuwa vingapi.

Nikamtajia idadi.