Mita Nne za Uongo

Jumamosi, 8 Machi 2025. Milimani
Chipu mbili za ESP32-C3, bei ya zote mbili haifikii ya tairi la pikipiki. Moja nimeifunga kwenye nguzo ya lango: hiyo ndiyo barabara. Nyingine iko kwenye dashibodi ya Probox. Nataka zipime umbali kati yao. Nilianza kwa kupima nguvu ya mawimbi. Kwa hesabu, umbali ukiongezeka maradufu nguvu hupungua mara nne. Hapa nje ua wa kaiyaba hauijui hesabu hiyo. Mkokoteni wa maji umepita tu, gari langu "likarudi nyuma" mita 12 bila kuguswa.

Jumapili, 9 Machi
Nguvu basi. Napima muda, njia iliyoingizwa kwenye kanuni za waifai mwaka 2016. Gari linaomba, lango linatuma ujumbe, gari linaujibu. Toa muda ambao gari limekaa na ujumbe, kinachobaki ugawe kwa mbili. Saa zao hazihitaji kulingana. Lango likidhani leo ni juzi, shauri lake. Mawimbi hukimbia sentimita 30 kwa nanosekunde, kwa hiyo kukosea nanosekunde 10 katika kwenda na kurudi ni mita moja na nusu.

Tepu ya fundi: mita 20. Chipu: 24.1, 23.8, 24.3. Inadanganya, lakini inadanganya vilevile kila mara.

Jumamosi, 15 Machi
Mzee wa jirani, dereva wa trela, alikuja kuona. Alicheka: "Kijana, mteremko wa Salgaa naujua hata nikifumba macho. Umbali haujawahi kuniua." Kisha akanyamaza. Asubuhi ya 31 Desemba 2017 alipita Migaa, karibu na Salgaa, basi na lori vikiwa vimegongana usiku, watu 36 wamekufa. Alinieleza wanavyotoa gia kwenye mteremko kuokoa dizeli, gari liteleze lenyewe, hadi breki zichemke na zisishike tena.

Nimelala nikiwaza hilo. Umbali mmoja hausemi kitu. Toa umbali wa sekunde hii kwenye ule wa sekunde iliyopita, una mwendo. Lori la kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Na zile mita nne za uongo, zikiwa katika vipimo vyote viwili, hufutana! Nimepoteza Jumapili nzima kuzirekebisha.

Jumapili, 16 Machi
Nimeteremka mara sita kutoka upande wa Menengai. Usomaji unayumba kama mita moja, yaani mwendo unakosea kilomita tano hivi kwa saa. Anayeteleza bila gia atajulikana, na nguzo iliyo chini itawaonya walio mbele yake. Kidhibiti mwendo tulicholetewa na sheria za waziri wa uchukuzi Michuki mwaka 2004 kimefungwa ndani ya gari, mikononi mwa anayetaka kukichezea. Nguzo imesimama nje.

Nikampigia mzee kumwambia. Akauliza, "Na nikiichomoa hiyo chipu ya garini mwangu?"