Bisibisi Yangu na Kalibu ya Mjomba

Wacha niseme ukweli kabla mjomba hajausema yeye. Kalibu yake ya chubwi niliiharibu mimi.

Wasee wa bara, chubwi ni ule uzito wa risasi unaofungwa kwenye mshipi ndio chambo izame. Huku Shimoni maji ya mkondo wa Pemba yana nguvu. Ukishuka na chubwi nyepesi, chambo inapelekwa tu huko mbali na samaki wako hawaioni. Halafu nyingi zinanasa kwenye miamba na kubaki huko, kwa hivyo wavuvi hawaachi kununua. Mjomba huzisubu uani kwake, na mimi nilienda kurekodi video. (Niliandika "tunasubu risasi nyumbani", mama akanipigia simu kuuliza kama nimejiunga na majambazi. Kiswahili chetu bana, madini na kitu cha bunduki vyote ni risasi.)

Kalibu yenyewe ni vipande viwili vya aluminiamu vilivyoshikwa kwa bawaba, mikono ya mbao, mashimo manne. Unamimina, unangoja, unafungua, chubwi zinaanguka. Siku hiyo tatu zilianguka, ya nne ikang'ang'ania. Mjomba alikuwa ametoka, na alikuwa ameahidi chubwi 60 kwa mashua ya alfajiri. Nikaona nimsaidie. Nikachukua bisibisi nikachokonoa, ikatoka. Raundi iliyofuata ikakwama tena, nikachokonoa tena. Kufika raundi ya kumi hata shimo la tatu lilikuwa limeanza kushika. Hapo ndipo nikachukua nyundo, na kamera bado inarekodi, manze.

Mjomba aliporudi hakufoka. Afadhali angefoka. Alikaa chini, akazungushia pamba kidogo kwenye njiti, akaipitisha polepole kwenye ukingo wa shimo la nne. Pamba ikanasa, ikaacha nyuzi mbili tatu.

"Hapa ndipo ulipoitia jeraha, mwanangu."

Akanieleza. Risasi ikiganda inasinyaa kidogo, kwa hivyo inafaa ianguke yenyewe. Isipoanguka kuna kitu kinaishika, na mara nyingi ni kijukucha kidogo cha chuma kilichoinuka ukingoni, hata macho hayakioni. Kile cha kwanza kilikuwepo kabla yangu, labda kalibu iliwahi kuangushwa. Lakini bisibisi ni chuma kigumu na aluminiamu ni laini, na kila nilipochokonoa nilikuwa nainua kijukucha kingine. Nyundo nayo ilisogeza vipande, vikawa havikutani sawasawa. Risasi ikapenya katikati, ikaota mapezi membamba yanayoshika pande zote mbili. Nilikuwa natibu ugonjwa kwa kuuongeza.

Nikamwambia nimeona watu kwenye intaneti wanapulizia mafuta. Akacheka. Mafuta yanafanya chubwi itoke na mikunjo kama uso wa mzee, na jeraha linabaki pale pale. Alichotumia yeye ni masizi ya koroboi tu, utando mwembamba, na hiyo ni baada ya kutengeneza.

Tulianza baada ya magharibi. Tuliacha kalibu ipoe kabisa, tukakwangua risasi iliyoganda kwa kijiti. Tukakaza bawaba mpaka vipande vikakutana bila mwanga kupita. Kisha msasa laini kabisa juu ya kipande cha mbao, ukingoni tu, pamba ikipitishwa kila baada ya muda. Ndani ya shimo hakugusa na msasa. Pale alisubu chubwi moja ikiwa na skrubu ndefu katikati, ikapoa, akaipaka dawa ya meno, akaniambia niizungushe humo humo kwa vidole. Nilizungusha karibu saa nzima. Kidole gumba kilivimba, na sikurekodi.

Tukaosha kwa sabuni, tukaiweka kando ya jiko ikauke. Hapa mjomba hana mzaha. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, na tone la maji likikutana nayo linageuka mvuke ghafla na kurusha moto usoni. Ana alama shingoni ya kuthibitisha.

Wakati tunangoja, nami nikasema langu. Mjukuu wake wa miaka mitatu alikuwa anacheza hatua nne kutoka kwenye jiko, anaokota vipande na kuvipeleka mdomoni. Nikamkumbusha Owino Uhuru, pale Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatilia watu sumu ya risasi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Akasema yeye hayeyushi betri kamwe. Kweli, lakini vumbi la risasi ni vumbi la risasi, na ubongo wa mtoto haulijui la betri wala la chubwi. Alinyamaza muda mrefu. Si rahisi kumwambia mtu mzima jambo la nyumba yake, hasa ukiwa umetoka kumvunjia kitu. Mwishowe akamwita binti yake amchukue mtoto akamnawishe mikono, na usiku ule ule tukahamisha jiko nyuma ya ua.

Chubwi za kwanza zilitoka na mikunjo kwa sababu kalibu ilikuwa baridi. Tukazirudisha kwenye sufuria. Ya tano ikatoka safi. Shimo la nne sai linaachia ukigonga msumari wa bawaba mara moja kwa kijiti. Kwenye kalibu yenyewe hugongi kamwe. La tatu bado linataka mara mbili, na hilo ni langu kabisa.

Nahodha alipata 41 badala ya 60. Alimwangalia mjomba, mjomba akaniangalia mimi, nikaangalia baharini. Bisibisi sijaiona tangu siku ile.