Ufa Mdogo Katika Mpira wa Hewa



Wapendwa wanaparokia, wengi wenu mnalifahamu gari letu na tabia yake ya siku hizi. Asubuhi huwaka vizuri. Lakini injini ikishapata joto, tukisimama tu huanza kutetemeka, mngurumo hupanda na kushuka, kisha huzima. Likiachwa lipoe, huwaka tena kana kwamba halikuwa na neno.

Sisi tulikwisha kutoa hukumu. Tulikuwa tumenunua petroli ya chupa kwa kijana mmoja wa hapa Lulindi, nasi tukasadiki kwamba ameichanganya na mafuta ya taa. Tulimwambia hivyo mbele ya wateja wake. Aliinamisha kichwa, asijibu kitu. Tukaimwaga petroli yake, tukajaza nyingine, tukabadilisha na plagi.

Jumamosi, tukiteremka kutoka Newala, tuliondoa mguu kwenye mafuta tulipokaribia kona, na injini ikazima. Usukani ukawa mzito, breki ikakosa msaada wa injini. Ndani walikuwamo wanakwaya wanne. Kwa neema ya Mungu tuliweza kusimama kando ya barabara, wala hakuna aliyeumia.

Fundi tuliyempelekea gari hakuanza kwa kufungua chochote. Alianza kwa maswali: huzima likiwa baridi au likiwa la moto? Likiwa mwendoni au likisimama? Kisha akawasha injini, akangoja ipate joto, akatega sikio. Alisikia mluzi mwembamba. Akaubana mpira mmoja wa hewa kwa vidole, injini ikatulia, akauachia, ikatetemeka. Mpira ulikuwa na ufa, na joto likiulegeza, ufa hupanuka.

Alitueleza kwamba injini ikiwa baridi hupewa petroli zaidi, na wingi huo huificha hewa inayoingia pasipo halali. Ikipata joto, petroli hupunguzwa, na kasoro hujitokeza. Mwendoni nako hewa nyingi hupita katika njia yake, hivyo ile ya ufa huwa si kitu. Lakini injini ikiwa katika sailensi, kama mafundi wetu wanavyouita mngurumo wa gari lililosimama, hewa hiyo kidogo huharibu kipimo chote.

Petroli ya yule kijana haikuwa na hatia.

Jioni ile tulikaa mbele ya Ekaristi, nasi tukaona aibu. Misa, safari za vigangoni na vikao vilikuwa vimetupa mwendo, na mwendo ulikuwa umeuficha ufa wetu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inafundisha kwamba anayeshika kuwa kweli kosa la jirani yake bila msingi wa kutosha ana hatia ya hukumu ya haraka. Maneno hayo tumeyafundisha mara nyingi.

Tulimwendea kijana, tukamwomba msamaha palepale tulipomtukana, wateja wakisikia. Alitutazama kwa muda, akasema: "Padre, nimesamehe. Lakini waliokuwa wakinunua kwangu siku hizi wananipita."

Hapo tulielewa kwamba mpira hubadilishwa kwa saa moja, lakini jina la mtu halitengenezwi kwa saa moja. Katekisimu hiyohiyo, namba 2487, inasema kwamba aliyemkosea mwenzake katika haki na ukweli hudaiwa fidia hata akiwa amekwisha kusamehewa. Ndiyo maana tunaandika haya. Ninyi mlioacha kununua kwake kwa sababu ya maneno yetu, tunawasihi mrudi. Maneno yale hayakuwa kweli, na mwenye kosa ni sisi.

Wiki hii, kabla ya kulala, tuzime shughuli zetu kwa dakika kumi, tutege sikio. Tukisikia mluzi, tuanze kuutafuta ndani yetu kabla ya kuutafuta katika chupa ya jirani.

Mungu awabariki. Tuombeane.