Unyayo Usioonekana

Umepata kufuata nyayo za mtu katika njia ya mchanga? Unyayo wa kwanza upo, wa pili upo, wa tatu haupo kwa kuwa pale pana jiwe, na wa nne upo. Husemi kuwa mtu yule aliruka angani. Wasema alipita, ila jiwe halikuweka ushahidi.

Kazi ya kuchungua chembe ndogo za maumbile ni kufuata nyayo. Karibu na mji wa Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ipo maabara ya CERN, iliyoanzishwa mwaka 1954. Chini ya ardhi umo mtambo wa mviringo, wenye mzingo wa kilomita 27, uliojengwa ili kugonganisha protoni. Chembe zitokazo katika mgongano hupita katika matabaka membamba ya silikoni, na kila tabaka hutazamiwa kuandika alama ya umeme zilipopita. Lakini tabaka lisilokosa halipo. Pengine umeme ni haba mno. Pengine sehemu yake imekufa. Tabaka likiandika chembe 95 katika 100, ufanisi wake ni asilimia 95.

Wataalamu huuiga mtambo huo ndani ya kompyuta, kwa programu kama Geant4, ili wajue wautazamie nini. Mimi nami nilijaribu kuandika programu ndogo ya namna hiyo. Matabaka yangu manne niliyafanya kamili, na kila chembe iliacha alama nne. Nilijisifu. Kisha nikapiga hesabu: 0.95 ikizidishwa yenyewe mara nne ni kama 0.81. Basi matabaka ya kweli yangeniletea chembe 81 zenye alama zote, nami ningalitangaza kuwa zilizopita ni 81, kumbe ni 100. Chembe 19 ningalizifuta ulimwenguni kwa kiburi changu.

Nikaisahihisha. Kila chembe ilipogusa tabaka, kompyuta ilichagua kwa nasibu nambari baina ya 0 na 1, ikizidi 0.95, alama hufutwa. Iliniuma kutia dosari kazi niliyoipamba, lakini sasa ilifanana na kweli.

Utauliza, ufanisi hujulikanaje? Zirudie zile nyayo. Chembe ikiacha alama katika tabaka la kwanza, la pili na la nne, njia yake huonyesha ilipokata la tatu. Hapo hutazamwa kama alama ipo. Zilizopatikana zikigawanywa kwa zilizotazamiwa, ufanisi umejulikana. Waliopo humshuhudia asiyekuwapo.

Chombo kinachokosa si kibaya. Kibaya ni kile ambacho makosa yake hayakuhesabiwa. Kesho utakapoandika matokeo ya jaribio katika daftari lako, usione haya kuandika pia yale ambayo macho yako hayakuyadaka. Upungufu uliopimwa ni sehemu ya elimu. Uliofichwa ni uongo.