Pembe Ukutani: Jibu kwa Kijana Wetu wa Maine

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kuna kijana niliyemsomesha chuoni hapa Tanga, ambaye sasa anaishi Lewiston, jimbo la Maine, kule Marekani. Mwaka huu ameingia msituni na wenzake wa kazini, akawinda musi, na swali lake amelileta kwa sauti tatu za WhatsApp: "Maalim, kichwa nikitundike vipi, na nikitundike wapi?" Nimemjibu kwa faragha, na kwa idhini yake naandika hapa, maana najua wengi mnaonifuata mko ughaibuni na mambo kama haya yanawafika.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe, kwa sababu huku kwetu hayupo. Musi ni mnyama wa misitu ya baridi: Kanada, kaskazini mwa Marekani, Sweden, Urusi. Anakula majani na matawi, anacheua, ni halali kuliwa. Dume akisimama, bega lake linafika kimo cha mtu mzima, na uzito wake unaweza kufika kilo 450 na zaidi. Pembe zake si nyembamba kama za tandala. Ni pana, bapa, kama viganja viwili vilivyokunjuliwa, na kwa dume mkubwa kutoka ncha hadi ncha ni zaidi ya mita moja na nusu. La ajabu ni kwamba pembe zile ni mfupa mtupu, na kila mwaka majira ya baridi zinaanguka zenyewe. Masika zinaanza kuota upya, na kabla ya msimu wa kupandana zimeshakamilika. Mfupa mzito kama ule, unaota kwa miezi michache! Subhanallah. Mbuzi wetu pembe yake anazeeka nayo.

Kule Maine huwezi kuingia msituni ukapiga tu. Watu wanaomba kibali, wanalipa ada ya maombi, na majina yanatolewa kwa kura. Mmoja aliniuliza kama hiyo si kamari. Nionavyo mimi, si kamari. Ada ile ni ya maombi kwa serikali, na kura ni ya kugawa haki chache kwa watu wengi. Hakuna anayekula fedha ya mwenzie. Tuendelee.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kijana mwenyewe hakulileta kama swali, lakini mimi naliona ndilo lenyewe.

Katika sauti ya pili alisimulia kwamba kabla ya kuingia msituni, fundi wa kukausha wanyama alimpa nasaha: ukitaka kichwa kizuri cha ukutani, chenye shingo na mabega, usimkate mnyama koo. Kisu kikipita kooni ngozi inaharibika mahali panapoonekana. Kwa ufundi wao nasaha hiyo ni sahihi, wala fundi hana kosa, hajui dini yetu. Lakini kijana akapiga, Bismillahi ikiwa mdomoni, na alipomfikia mnyama akamkuta bado ana uhai. Wenzake wakamwambia subiri, atakufa mwenyewe. Yeye akatoa kisu akachinja.

Mwanangu, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Na wengine wote sikilizeni vizuri hapa. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mnyama wa kuwinda akifa kwa pigo kabla hujamfikia, na masharti ya kuwinda yametimia, huyo ni halali. Lakini ukimkuta na uhai uliotulia, na wakati wa kuchinja upo, na kisu unacho, ukamwacha mpaka akafa, huyo ni mzoga. Huwezi kumla. Na kumwacha anahangaika ili shingo ibaki nzuri kwa ajili ya ukuta, hilo ni jambo la pili juu ya lile la kwanza, kwa sababu tumeamrishwa kumstarehesha mnyama hata wakati wa kumtoa roho. Kwa hiyo swali la pembe ukutani linajibiwa kule kule msituni, kabla nyumba haijatajwa. Anayeingia msituni akiwa ameshachagua ukuta, kisu chake kitakuwa kizito siku hiyo.

Nyama ameigawa. Jokofu lake limejaa, la jirani Msomali limejaa, na familia za Kikongo na Kirundi pale mtaani zimepata. Hii ndiyo iliyohalalisha damu ile. Kumuua kiumbe kwa mchezo tu, au kumfanya shabaha ya kupimia ustadi wako, Mtume, rehema na amani zimshukie, amelikemea. Nyama ikishaliwa, pembe ni masalio ya riziki, na masalio ya riziki hayana dhambi.

Haya, kichwa sasa. Ziko njia mbili ambazo fundi alimpa achague.

Ya kwanza ni kichwa kizima mpaka mabegani, chenye manyoya na macho, kana kwamba mnyama ametoboa ukuta na kuchungulia sebuleni. Ya pili ni fuvu lililosafishwa likawa jeupe, na pembe zake juu, basi.

Juu ya wanyama wanaokaushwa na kuwekwa majumbani, wanazuoni wa zama zetu wamekhitalifiana. Wako waliokataza: wakasema ni kupoteza mali, na ni mlango wa masanamu na itikadi mbovu. Wako walioruhusu kwa mnyama halali aliyechinjwa, mradi hakuna israfu. Hoja yao ni kwamba kile ni kiumbe wa Mwenyezi Mungu mwenyewe, si sanamu iliyochongwa na mwanadamu kuigiza uumbaji Wake.

Hoja hii ya pili niliiona ina nguvu, mpaka nilipomwambia kijana anieleze fundi anafanyaje kazi yake hasa. Kumbe ndani ya kile kichwa hakuna kichwa. Ngozi inavuliwa, inatiwa chumvi, inatiwa dawa mpaka inakuwa ngozi ya kudumu. Fuvu na nyama vinatolewa. Kisha inaletwa sura ya musi iliyotengenezwa kiwandani kwa povu gumu, na ngozi inavikwa juu yake kwa gundi. Macho ni ya kioo. Masikio yanatiwa kiunzi ndani ili yasimame. Midomo na pembeni mwa macho vinafinyangwa kwa udongo, na pua inapakwa rangi ionekane mbichi. Basi cha Mola hapo ni ngozi na pembe. Umbo, macho na ule mtazamo ni kazi ya fundi. Sithubutu kumwambia kijana kwamba ni haramu kwa kukata, kwa kuwa watu wa elimu kunizidi wameruhusu. Lakini moyo wangu hautulii, na nimemwambia hivyo hivyo bila kuficha.

Fuvu na pembe halina tatizo hilo. Mfupa wa mnyama halali aliyechinjwa ni tohara, na kila kilicho pale kimeumbwa, hakikuigizwa. Na bei ni mbali kabisa. Kichwa cha mabega aliambiwa kinapita dola elfu mbili, na asubiri karibu mwaka. Kijana huyu ana mdogo wake yuko kidato cha tatu hapa Tanga, ada yake inatoka Lewiston. Sikutaka kusema zaidi hapo, alinielewa.

Fuvu anaweza hata kulisafisha mwenyewe. Nyama inatolewa yote pamoja na ubongo, fuvu linachemshwa taratibu kwa moto mdogo, pembe zikiwa nje ya maji. Likichemka kwa nguvu mifupa inaachana. Kuling'arisha ni kwa dawa ya haidrojeni peroksaidi, si kwa klorini ya kufulia, maana hiyo inaula mfupa mpaka unabomoka.

Na wapi? Mke wake, ambaye ana akili kuliko sisi wawili, alisema jambo moja: yeye anaswali sebuleni, na hataki kitu kinachomtazama akiwa kwenye sijda. Wenzake wa kazini wanataka kiwekwe sebuleni palepale, juu ya televisheni, wakija wakione. Kijana yuko katikati.

Nikamkumbusha kisa cha Alkaaba yenyewe. Imepokewa kwamba ndani ya Nyumba ile zilikuwepo pembe mbili za kondoo, zinazonasibishwa na yule kondoo wa fidia wa Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake. Mtume alipoingia aliziona, na baadaye akamwita Uthman bin Talha, mshika ufunguo, akamwagiza azifunike, kwa sababu haifai ndani ya Nyumba kuwepo kitu cha kumshughulisha mwenye kuswali. Angalieni, hakuagiza zitupwe. Zikabaki pale mpaka Alkaaba ilipoungua, zama za Abdullah bin Zubair. Basi pembe kutundikwa si ajabu katika dini yetu, lakini mwenye kuswali ana haki mbele yake. Na kama pembe za kondoo wa Nabii zilifunikwa, sembuse za musi wa Maine!

Kibla cha kule ni kaskazini mashariki. Sebule yake ukuta wa kaskazini mashariki ndio huo huo wa televisheni. Kwa hiyo jibu limepatikana: pembe ziende ukumbini, karibu na ngazi, ambako hakuna anayeswali. Wageni watazipita wakiingia na watauliza, naye atawasimulia. Kusimulia neema si kiburi, ila mtu ajichunge. Ukijikuta kila mgeni unamvuta mkono kwenda kuona, hapo jitazame.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa ajili ya nyumba zetu za huku zaidi kuliko za kule. Pembe isitundikwe kwa kuzuia husuda, wala kijicho, wala majini. Babu yangu alikuwa na pembe za ng'ombe wa harusi nyuma ya mlango, kazi yake ilikuwa kutundika kofia na taa ya chemli. Pembe ya kazi hiyo haina neno. Lakini ukiifunga kitambaa chekundu na kuitegemea ikulinde, umeshatoka kwenye mapambo umeingia kwenye shirki, Mwenyezi Mungu atuepushe.

Nyumba anayokaa ni ya kupanga. Kuta za kule ni fremu ya mbao iliyofunikwa jipsam, na jipsam peke yake haibebi mzigo kama ule. Pembe za musi peke yake zinaweza kupita kilo 20. Skrubu lazima ziingie kwenye nguzo ya mbao iliyo ndani ya ukuta, mbili, na juu kiasi ambacho mtoto anayekimbia hatajigonga na ncha. Na kabla ya kutoboa, aombe ruhusa kwa mwenye nyumba. Ukuta ule ni mali ya mtu, awe Muislamu au si Muislamu, na tundu bila idhini ni dhulma ndogo.

Mwisho, kwa wale mtakaotaka kuwaletea wazee huku kipande cha pembe kama zawadi: msikitie kwenye kontena kimyakimya pamoja na magodoro na friji. Hapa Tanzania nyara zina sheria yake, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuonekana na pembe usizo na karatasi zake kunaweza kukufikisha mahakamani hata kama ulichinja kwa Bismillahi. Ulizeni vibali vya pande zote mbili kwanza, kwa maandishi, ndipo mfunge mzigo.

Wallahu a'lam.